Kutoka Bila Kugeuka

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata kazi ya kuigiza. Umri huu! Vijana walipanga foleni tangu alfajiri, mimi nikaonwa mara moja. Sura hii haitengenezwi kiwandani. Kitindamimba wangu, anayeshona mavazi ya tamthilia, anadai ni yeye aliyeniombea. Aseme tu.

Ni tamthilia ya babu zetu na walowezi waliokuja kuchukua ardhi. Zile za zamani, sisi ni watu wa kurukaruka porini, halafu mlowezi anafika, eti ardhi tupu. Nilikuwa nazima televisheni. Lakini hawa! Wamejenga kijiji kizima nyuma ya karakana, masizi darini kabisa. Na wenyeji wanataniana, wananuniana, mmoja hasemi na mkewe kwa sababu ya chumvi. Watu, basi.

Jumatano, 6 Machi

Mwongozaji ni mama mfupi, sauti ya chini, na umati wote unamsikia. Namwita Kamanda. Hakuna mwanamke aliyewahi kunipangia pa kusimama, marehemu mke wangu shahidi. Huyu ananipangia na ninasimama.

Anayeigiza mlowezi ni fundi. Hafoki. Anakuja kofia mkononi, anaomba maji, anasifu watoto, anashukuru. Kisha anachomeka vigingi vyake vya mpaka mlangoni mwa aliyempa maji. Nywele zilinisimama. Tukipumzika ananiletea kiti, ananiita baba. Namjibu kwa shida. Bado nina hasira na vile vigingi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo tumepigwa risasi. Za uongo. Wenzangu wakaanguka. Mimi wima. Tukarudia. Wima. Kinyozi wa mtaani kwetu, maiti wa miguuni pangu, akaninong'oneza nianguke, sisimizi wanammaliza, au risasi zinaniogopa? Kitindamimba alikuwa ameshika kichwa.

Nikawaambia sianguki mbele ya mlowezi, hata wa kuigiza.

Nilijua nafukuzwa. Kamanda akaja, akanitazama weee. Hakukasirika.

"Sawa, mzee. Usife. Wengi hawakufa. Walitolewa."

Basi sehemu yangu imebadilishwa. Nitatolewa na waliobaki, tupite geti la uzio, nyumba zinawaka nyuma yetu. Amri ya mlowezi: akigeuka mtu, anapigwa risasi aliye nyuma yake. Nyumba zitachomwa kweli, Jumamosi. Hakuna kurudia.

Kutembea nayo kazi? Nimetembea maisha yangu yote.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefanya mazoezi nyumbani. Kutoka sebuleni mpaka getini. Nikajiambia: humu hurudi tena. Kiti chako. Kitanda alichofia mama watoto. Nilipofika kwenye ngazi, shingo ikageuka yenyewe. Nikaanza upya. Ikageuka. Jirani akauliza juu ya ukuta nimepoteza nini. Nikamwambia ng'ombe. Sina ng'ombe.

Kitindamimba aliniona dirishani. Hakucheka. Akauliza kama nataka akamwambie Kamanda anirudishe kwa maiti. Mimi siombewi.

Kumbe kuanguka ndiyo ilikuwa kazi nyepesi. Babu mzaa baba alitolewa hivihivi. Akafika alikofika, akajenga, akaoa. Alinisimulia kila kitu, hata majina ya mbwa. Alivyotoka mlangoni, hakusimulia. Nilidhani amesahau.

Jumamosi, 9 Machi

Tumeshapangwa. Tunangoja upepo utulie. Nimekaa kwenye kigogo, nimevaa ngozi, daftari gotini. Mafuta yameshamwagwa kwenye mapaa, gari la zimamoto liko tayari.

Mlowezi amekuja kuniomba radhi mapema kwa jinsi atakavyonisukuma. Nimemwambia asukume kweli. Akinionea huruma, nitageuka. Ameitikia kwa kichwa. Kijana mzuri. Nimempa mkono.

Halafu Kamanda akatangaza kwamba mwanamke wa nyuma yangu anaumwa tumbo, na nafasi yake anaichukua mshonaji. Kitindamimba! Kavishwa ngozi, kapewa mzigo wa kichwani, kawekwa nyuma yangu. Na huyo mgonjwa namwona pale kwenye kivuli cha lori, anakunywa soda.

Mama huyu anaijua kazi yake. Namvulia kofia.

Upepo umetulia. Wanawasha. Joto nalisikia kisogoni. Kitindamimba anapumua nyuma yangu, na sijamwona bado alivyopendeza katika vazi hilo alilolishona mwenyewe. Ananiambia baba, weka kalamu, wanatuita. Nasimama. Natazama geti, geti tu