Kinyozi Wangu Anataka Kimya, Mimi Nataka Habari ya Kikapu

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba unijibu haraka kabla sijaharibu kitu, maana Ijumaa ya wiki ijayo mimi na mume wangu tunapanda milimani, siku mbili, wawili tu, kwenye nyumba ndogo ya mbao yenye chumba kimoja na moto wa kuni, na mwenye nyumba ameniambia kwenye simu kwamba huu ndio wakati wa baridi kali kuliko yote, asubuhi maji yanaganda kwenye ndoo na huenda theluji ikaanguka, akadhani ananitisha, kumbe mimi nilikuwa narukaruka jikoni na simu sikioni.

Unielewe, Shangazi, mimi ni mpiga pasi katika duka la dobi, miaka saba nasimama kwenye mvuke kutoka asubuhi hadi jioni, nguo inanigandia mgongoni hata msimu huu ambao watu wote wanavaa makoti, na hamu yangu ni kusimama nje nikapumua nikaiona pumzi yangu inatoka mdomoni kama moshi. Nimeshapanga kila kitu. Sweta mbili mbili, soksi za sufu, chupa ya chai, kibiriti nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisilowe, mama mkwe amekubali kukaa na watoto na amenipa shali yake nzito bila hata kuombwa, na Alhamisi nina miadi na msusi ili nipande huko nikiwa nimependeza. Nikipiga pasi mashati ya watu najikuta nacheka peke yangu, mpaka bosi ameniuliza kama nina homa.

Sasa tatizo langu. Mume wangu ni kinyozi, na pale kazini kwake anaongea mpira, siasa, ndoa za watu, ndoto alizoota, wateja wanatoka mbavu zinawauma kwa kucheka. Akifika nyumbani, kimya. "Umeshindaje?" "Salama." "Kazini vipi?" "Kawaida." Basi, mazungumzo yetu ndiyo hayo, na si kwamba amenuna, hapana, ni mpole, anaosha vyombo, anawaogesha watoto, ila maneno ameyamaliza huko. Siku moja tu, baba yangu alipokuja kututembelea, akamkata nywele pale sebuleni kwetu, akaongea saa nzima, na mimi jikoni nikaunguza vitunguu kwa kutega sikio.

Mwezi uliopita akaja dukani mzee mmoja, dereva mstaafu, kuchukua koti lake, akajua kwamba mimi ni mke wa kinyozi wake, akaniangalia kutoka juu hadi chini, akacheka, akasema, "Kumbe wewe ndiye wa kikapu." Nikamuuliza kikapu gani. Akasema, "Si ile siku alipokuona mara ya kwanza? Wote pale tunaijua, kila akiisimulia inazidi kunoga. Muulize mwenyewe." Shangazi, tuna miaka tisa ya ndoa na sijawahi kuisikia habari hiyo, hata kikapu chenyewe sikikumbuki. Nikamuuliza jioni ile, akatabasamu, akasema, "Aa, hayo ni maneno ya kazini," akaendelea kukunja nguo za watoto. Niliingia bafuni nikalia, nakwambia ukweli, kwamba kuna mtu ananisema kwa maneno matamu na wanaoyasikia ni wanaume wenye povu mashavuni.

Ndipo nikapanga safari hii. Nilijiambia huko hakuna wateja, hakuna redio, baridi itamsogeza kwenye moto na kwangu, atasema tu. Juzi nikampa habari, akafurahi kuliko nilivyotarajia, akaivaa sweta yake palepale akazunguka nayo chumbani, akanishika mikono akasema, "Mke wangu, umeniokoa. Siku mbili nzima sifungui mdomo." Nikacheka naye, nikatoka kuanua nguo ambazo nilikuwa nimeshaanua. Tangu hapo anahesabu siku kwa vidole, na begi lake amelifunga kabla yangu, ndani ametia mpaka mkasi, kitana na kile kitambaa cheupe cha kufunga watu shingoni, eti hawezi kusafiri bila vitu vyake, kana kwamba mbuzi wa mlimani wanamngoja awanyoe. Dada yangu anasema nimwache mume wangu na kimya chake, niende na yeye tukapige soga mpaka mate yatukauke. Je, niende na dada, au nimwambie mume wangu ukweli nimharibie furaha, au nikae naye kimya siku mbili nikimtazama? Nina furaha hadi chakula hakipiti, na nina hofu hadi chakula hakipiti.

Wako,
Mpiga Pasi

Shangazi anajibu:

Marahaba, mwanangu. Kwanza dada yako abaki kwake. Anaitamani milima, hilo nimeliona, atafute ya kwake.

Sasa nikuseme kidogo. Umekumbuka kibiriti, umekumbuka na mfuko wa kibiriti, ukasahau kumwambia mwenzio mnakwenda kufanya nini. Ulitaka aisome nia yako usoni, na asipoisoma ungenuna huko juu kwenye baridi na yeye asijue amekosa nini. Huo ni mtego, hata kama umeutega kwa mapenzi. Na yeye simwachi. Mke anauliza jambo linalomhusu mwenyewe, unamjibu "maneno ya kazini"? Huo ni uvivu, na ukimwambia nimesema mimi, sawa tu. Lakini kuchoka na maneno, hilo nalijua. Nikitoka hapa kusoma barua zenu, mume wangu akiniuliza pazia lipi zuri, namtazama tu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na jibu umeliandika mwenyewe ukalipita. Baba yako alipokaa kwenye kiti, mumeo aliongea saa nzima, tena hapohapo sebuleni kwenu. Kwa hiyo si nyumba inayomziba mdomo. Huyu anaongea mikono yake ikiwa na kazi na mtu akiwa amempa kisogo. Kukutazama machoni akakwambia ya moyoni, anaona haya, na wanaume wa namna hiyo ni wengi, nimezeeka nao. Na wewe je, lini uliwahi kukaa kwenye kiti chake? Umeolewa na kinyozi, na kichwa chako miaka tisa unampelekea msusi.

Basi sikiliza. Alhamisi huendi kwa msusi, mpigie leo umwombe radhi. Ijumaa pandeni, ukaitoe hiyo pumzi yako mpaka uridhike, na umwite mumeo aione, maana hilo halihitaji maneno. Jumamosi asubuhi mwachie kimya chake chote, amekingoja kwa muda mrefu. Usimuulize ameamkaje mara tatu, usivute pumzi kwa mafumbo, usigongegonge vikombe ili akuulize una nini. Mchana, moto ukishakolea, vuta kiti dirishani penye mwanga, toa kile kitambaa cheupe begini mwake, jifunge mwenyewe shingoni, ukae. Mwambie ukweli kwa maneno machache: "Nipunguze ncha, na unisimulie habari ya kikapu. Nimeipandia mlima." Kisha nyamaza. Ataanza na mpira, atapitia siasa, mvumilie, ndivyo anavyofika. Usimharakishe, na usimsahihishe hata akikuvisha siku ile gauni ambalo hukuwahi kuwa nalo. Akikupunguza nywele kuliko ulivyotaka, zitaota.

Na akifikia pale alipokuona, utatamani kugeuka umtazame uso. Usigeuke. Atakukata sikio, na siku hiyo unalihitaji.