Unga wa Bibi Scholastica

Kerende, Nyamongo
Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, na goti lako la kushoto limepata nafuu kwa hewa ya huko Machochwe. Msalimie sana dada Rose na shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka. Huku mkweo Elieth hajambo, wajukuu zako hawajambo, na wale ng'ombe wawili waliobaki wanakula vizuri. Mimi mwili ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali la kwanza tu, nami ningekata. Ninampa barua Godwin wa bodaboda, anakwenda mnadani Mugumu na ameahidi kuifikisha. Naomba uisome mwenyewe. Usimpe Rose akusomee.

Uliuliza kama bado tunasubiri. Tunasubiri, Mama. Huu ni mwaka wa tatu tangu mgodi uweke alama eneo letu, tukaambiwa tusijenge wala tusipande miti mpaka wathamini wapite kuandika kilichopo, ili tulipwe fidia tuhame. Bati la chumba chako limetoboka mahali pawili na mvua ikinyesha mjukuu wako Lilian anakimbia na sufuria. Sijagonga hata msumari mmoja. Nayakumbuka maneno yako siku ile unapanda gari kwenda kwa Rose, kwamba tumtii Mungu hata tusipoona anakotupeleka, na kwamba hahitaji uongo wetu ili atulishe. Nilikuahidi mbele ya Elieth.

Lakini kijiji hiki, Mama, kinatia kinyaa. Zile nyumba za tegesha ulizoziacha chache, zilizojengwa haraka kutegea fidia, sasa ziko kila mahali. Vibanda vya mabati mepesi, havina choo, havina jiko, hamjawahi kulala mtu. Kimoja hapo jirani mbuzi amezalia ndani, na nadhani ndiye mkazi pekee wa mtaa ule. Mapapai yamechomekwa yamebanana hata kuku hawezi kugeuka. Na nimemwona kwa macho yangu Mzee Marwa, mtu mwenye mvi, mtu aliyenifundisha kuchunga, akipaka masizi ya sufuria kwenye ukuta mpya ili uonekane ni wa jiko la siku nyingi. Aliponiona akacheka, akaniuliza mimi nangoja nini. Niliondoka nikitema mate njia nzima.

Kanisani ndiko kubaya zaidi. Huyu mwinjilisti aliyekuja baada ya wewe kuondoka, Felix, Jumapili moja aliwataka wote waliosimamisha vibanda wasimame, akawaombea ili Bwana aibariki kazi ya mikono yao. Wakasimama karibu wote. Kwaya ikaimba. Nikatoka kabla ya sadaka. Tangu siku hiyo nimewasema kisimani, sokoni, hata kwenye misiba ya watu. Nilisema nyumba yetu ni safi kwa sababu ina mama anayeomba. Nilijisifu sana, Mama, na ninataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Mwaka huu mvua ilikatika mahindi yakiwa yanachanua, tukavuna mabua. Mwezi wa saba Elieth aliniuliza, bila hasira, Mungu anasubiri nini kwetu ambacho hatujampa. Niliendelea kusali kwa mdomo, ila moyoni nilikuwa nimechoka kutii. Kutii kwenyewe kulikuwa kumenichosha kuliko njaa.

Hapo ndipo Felix alipokuja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda chako, akanywa uji wetu, akasema wathamini huandika na makaburi pia, na kaburi la mzazi lina uzito wake kwenye fidia. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayetoa ushauri wa dawa, kwamba wewe hujaonekana Kerende kwa miaka miwili. Akaniahidi kuandika kwa mkono wake kwamba ndiye aliyeongoza ibada ya mazishi. Nilipaswa kumtoa nje kwa fimbo. Nilimwambia nitafikiri.

Mama, nilikujengea kaburi.

Liko nyuma ya jiko, palipokuwa na bustani yako ya mchicha. Nilimleta fundi, nikamwambia ulifariki Machochwe tukakuleta nyumbani. Alivua kofia akanipa pole, nami nikaipokea. Saruji ikiwa bado mbichi nilichukua kijiti nikaandika jina lako, Waisiko, na mwaka wako wa kuzaliwa, na mwaka huu. Elieth alikataa kutoka nje siku hiyo, na watoto niliwapeleka kwa bibi yao mzaa mama.

Nilidhani ni la kuonwa na wathamini tu. Sikumkumbuka rafiki yako Bibi Scholastica. Habari zilivuka mto zikamfikia, na siku ya nne akaja kwa miguu na mkongojo wake, kikapu kichwani. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiko, akafungua kanga yake akaitandika juu ya saruji, akalala kifudifudi. Alikulilia, Mama. Alikulaumu kwamba umeondoka bila kumuaga, ninyi mliobeba maji pamoja wakati kanisa linajengwa, ninyi mliofunga na kuomba siku saba mimi nilipougua surua. Hilo la surua sikuwahi kulijua. Alipoinuka alinishika mkono akaniambia Mungu atanifuta machozi, na macho yangu yalikuwa makavu kabisa. Akaniachia kikapu cha unga wa ulezi ili waombolezaji wapate cha kula. Nikasema asante.

Alipoondoka nilishika ukuta wa jiko nikatapika. Nilimfikiria Mzee Marwa na masizi yake. Yeye alidanganya kwa ukuta. Mimi nilimchukua mama yangu, mtu pekee aliyeniamini, nikamfukia ili nilipwe, na bado nikawa nawatemea wengine mate. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyojichukia asubuhi ile. Bado najichukia.

Kesho yake nilichukua nyundo nikalivunja kaburi. Majirani walikusanyika. Felix alikuja mbio akanisihi ningoje mpaka Alhamisi, siku ya wathamini, akaniita mjinga mbele ya mke wangu. Niliendelea kupiga nyundo kwa sababu niliogopa nikifungua mdomo nitakubali. Alhamisi wakaja kweli. Mmoja wao akauliza kifusi kile ni cha nini, nikamwambia lilikuwa kaburi lisilo na mtu na aliyelijenga ni mimi. Aliandika, akaenda. Tangu hapo wanakagua kila boma mara mbili, na kijiji kizima kinasema mimi ndiye niliyewaharibia. Elieth akifika kisimani wenzake wanakaa kimya. Fidia yetu sijui itakuwaje, wala kama itakuwepo. Amani nayo sijaipata. Nimetii tu, Mama, na nimechelewa kutii.

Iliyobaki ilikuwa kwenda kwa Bibi Scholastica. Nilimpelekea kikapu chake na unga wake, nikapiga magoti mlangoni, nikamweleza yote. Alinitaka nirudie. Nikarudia. Alifunga mlango akaniacha na kikapu, akasema akiwa ndani kwamba unga ule aliuleta kwa ajili ya Waisiko, basi Waisiko ndiye aule. Akasema tena kwamba nimekwisha kumdanganya mara moja, na hawezi kujua lipi kati ya maneno yangu ni la kweli. Nasikia bado amefunga kitambaa cheusi kichwani.

Ndiyo sababu nakuandikia. Nakuomba msamaha, lakini siuombi kwa barua tu. Zamani watu waliamini neno langu, na sasa hawaliamini hata ninaposema kweli kwamba mama yangu yu hai. Ni wewe tu unayeweza kulisema, kwa miguu yako.

Wasalimie wote huko, na Mungu uliyenifundisha mimi kumtii akulinde njiani. Nauli nimempa Godwin. Usije jioni ukapita kichochoroni kwa aibu yangu. Uje mchana, ushukie sokoni, upite katikati ya kijiji na goti lako hilo mpaka kwa Bibi Scholastica. Unga wako nilirudi nao, uko nyumbani kwetu, kikapu kimefunikwa na hakuna aliyekigusa.

Ni mimi mwanao niliyekuzika,
Heche