Kwa Nini Bibi Hukagua Risasi Zangu

Mjukuu wangu Neema,

Huku Haltom City tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, Jumapili alikwenda kanisani bila mkongojo.

Umeuliza kwa nini yeye hukagua risasi za kulengea shabaha ninazojitengenezea gerejini. Kabla hatujachumbiana nilimpeleka kwenye uwanja wa shabaha. Nilipotaka kutia risasi kwenye bunduki, akanishika mkono.

"Kichwa cha hii kimezama zaidi kwenye ganda kuliko vya zile nyingine."

Nikapima, na kweli. Skrubu ya mashine yangu ya kutengenezea risasi ilikuwa imelegea. Kichwa kikizama mno, nguvu ya baruti huzidi ndani ya ganda, na bunduki inaweza kunipasukia usoni.

"Umeonaje?"

"Nilikuwa nakutazama wewe," akasema, "nikaona na ulichoshika."

Nikaamua pale pale kumwoa. Hadi leo nikimaliza namwita aangalie, hata nikiwa na hakika.

Babu yako anayekupenda