Mbavu Zilizofukizwa Nyumbani kwa Mpwa Wangu

MAELEZO YA SHAHIDI
(Yameandikwa na shahidi kwa mkono wake mwenyewe, kwa ombi lake, mbele ya koplo wa zamu.)

Jina: Lile la kwenye kitambulisho koplo ameshalinakili kwenye jalada. Mtaani naitwa Fundi Kompresa, na ukiniulizia kwa jina lile lingine hutanipata.
Umri: Miaka 56, ingawa sionekani.
Kazi: Fundi wa friji na kila kitu chenye mlango na waya.
Makazi: Chumba cha nyuma ya karakana yangu, barabara ya sokoni, mkabala na kinyozi.
Elimu: Darasa la tano. La sita nililiona kupitia dirishani.

Kwanza kabisa iandikwe kwamba shahidi wa maana katika shauri hili ni mimi, na wengine wote ni wa kujazia. Mimi ndiye niliyesimamia ile mashine tangu nyama inaingia mpaka inatoka. Tena si mtu wa kubahatisha. Niliwahi kuitwa kutengeneza friji ya chumba cha maiti cha hospitali kubwa, baada ya kuwashinda mafundi watatu wenye vyeti, na tangu siku ile hakuna mlalaji wa mle aliyelalamika. Koplo amenisimamisha hapa na kuniambia niandike niliyoyaona, sifa niziache nyumbani. Sawa. Naandika niliyoyaona.

Mnamo tarehe 8 mwezi huu, siku ya Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, mke wa mpwa wangu alinipigia simu. Mpwa wangu ni dereva wa lori la masafa na siku hiyo alikuwa safarini. Mke wake ni mshonaji wa sare za shule. Alisema, "Shikamoo Mjomba. Leo mama anahamia kwetu. Nataka nimfukizie mbavu kwenye ile mashine, lakini peke yangu naiogopa. Njoo unisimamie."

Mama anayemsema ni mama mkwe wake, ambaye kwangu mimi ni dada mkubwa, tumbo moja, aliyenibeba mgongoni nikiwa sijui hata kukaa. Tangu ndoa ile ifungwe, sasa mwaka wa tatu, dada yangu hajawahi kusifia chakula cha mkwewe hata chumvi yake. Kwa hiyo nilielewa simu ile ilikuwa na uzito gani. Niliacha friji ya mteja imefunguliwa mgongo, nikaenda.

Mashine yenyewe ni kabati la chuma jeusi, kimo chake kiunoni, lina mlango wa kioo na rafu za waya, na chini kuna kitrei cha kuwekea vipande vya mti. Umeme unapasha koili, koili inaunguza vipande polepole, moshi unapanda, na nyama inaiva kwa joto dogo kwa saa sita au zaidi. Ukiiona kwa mbali utaapa ni friji, na ndiyo maana niliitwa mimi. Nilimwambia mke wa mpwa wangu, "Friji ni boksi la baridi, hii ni boksi la joto. Aliyeijua moja ameijua na dada yake." Akaitikia, "Sawa Mjomba." Mashine ilikuwa uani, chini ya bati, mbali na ukuta. Hapo hapana kosa.

Vipande vya mti vilikuwa vya mpera ulioanguka nyuma ya nyumba wakati wa mvua. Hili naliandika kwa makusudi, kwa sababu vimeletwa hapa kituoni kama kielelezo na watu wameshaanza kusema ni mti wa dawa. Si dawa. Mpera ule niliukata mimi kwa msumeno wangu, na kovu la msumeno ninalo kidoleni.

Mbavu zilikuwa za ng'ombe. Zilipakwa chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu na sukari kidogo, zikalala kwenye friji tangu jana yake. Niliziona zikipangwa kwenye rafu saa mbili asubuhi. Hakuna kingine kilichowekwa. Mke wa mpwa wangu alikuwa na sindano ya kupimia joto la nyama, imekuja na mashine, ameifunga kwenye kitambaa safi kama kitu cha kanisani.

Saa tatu umeme ulikatika, mtaa mzima. Mke wa mpwa wangu alitoka na ungo mkononi, akasimama mbele ya mashine. "Mjomba, si tuzitoe tuzimalizie kwenye jiko la mkaa?"

Nilimwambia asithubutu kufungua mlango. Nilimweleza kitaalamu kwamba friji umeme ukikatika, ukiuacha mlango umefungwa, baridi inakaa mle mpaka jioni, na joto nalo ni vilevile. "Nyama inaendelea kuiva humo humo gizani," nikasema. "Wewe kachambue mchele."

Akaenda kuchambua mchele. Umeme ulirudi saa sita mchana. Kabla haujarudi niligusa ubavu wa mashine. Ulikuwa na vuguvugu kama mkono wa mtu. Sikumwambia mtu.

Saa saba dada yangu alifika na mizigo yake, akisindikizwa na bintiye, ambaye ni mpwa wangu wa kike na anauza mitumba, pamoja na mume wa binti huyo. Walikaa sebuleni. Dirisha la sebule linatazama uani, kwa hiyo moshi wote ulikuwa wao. Ilipofika saa nane na nusu mpwa wangu wa kike alipaza sauti, "Wifi! Tumeitwa kula au kunusa? Mbona nguo zangu zimeiva kabla ya nyama!"

Mume wake akacheka. Dada yangu hakucheka. Alisema, "Mwacheni. Labda kwao chakula cha mchana huliwa usiku."

Mke wa mpwa wangu alisikia. Nilikuwa naye uani, nikamwona anavyokaza mkono kwenye kile kitambaa. Akaninong'oneza, "Mjomba, nimehesabu upya tangu umeme uliporudi. Bado sana. Sindano nayo inasema bado. Tuwape chai kwanza, mpaka saa kumi na moja."

Nikamjibu kwa sauti ili na wa ndani wasikie, "Nyama si mgonjwa, haichomwi sindano kujua hali yake. Toa moja nionje."

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwonjaji. Harusi, misiba, kipaimara, sufuria haishuki mpaka nimesema. Mjomba akisema imeiva, imeiva, na mwenye kubisha atafute ukoo mwingine. Kwa hiyo alitoa. Nilichukua ubavu mmoja, nikaenda nao mpaka karibu na bomba la maji, nikawapa watu mgongo, kwa sababu mwonjaji mzuri haonji akitazamwa. Kisha nikarudi nikatangaza, "Imeiva! Inaachia mfupa bila kubembelezwa!"

Sebuleni walipiga makofi. Nyama ikapakuliwa. Aliyepakua ni mke wa mpwa wangu, peke yake, hilo ni kweli na silipingi. Dada yangu aliuma pande la kwanza, akatafuna kwa muda mrefu, akamtazama mkwewe na kusema, "Kumbe unajua."

Maneno mawili tu. Mke wa mpwa wangu aligeukia ukutani akafuta macho, akasingizia moshi.

Kwenye sahani yangu ziliwekwa mbavu nne na wali. Sahani ilipoondolewa ilikuwa haina kitu. Mke wa mpwa wangu yeye hakula nyama. Mpishi hula mwisho, na mwisho hapakubaki kitu. Aliosha vyombo vyote palepale, kama anavyofanya siku zote. Niliondoka saa kumi na moja.

Jumapili asubuhi mpwa wangu wa kike alinipigia akilia. Yeye na mume wake walikuwa wanatapika na kuharisha, na mama yao hajiwezi. Tuliwapeleka hospitali wote watatu. Wale wawili walipewa maji ya chumvi na vidonge, wakapata nafuu. Dada yangu alibaki na dripu. Tangu jana hafungui macho. Daktari amesema tumbo limechafuka na figo zimechoka. Hajasema ni nini kilichochafua.

Mnamo Jumatatu tarehe 10, mchana, afande mmoja alikuja wodini kwa sababu mpwa wangu wa kike alikuwa ameshatoa taarifa. Tulisimama koridoni. Mpwa wangu wa kike alininyooshea kidole. "Afande, muulize Mjomba. Yeye alionja kabla yetu, akala sahani nzima, na mtazame alivyo mzima. Basi nyama ilitoka kwenye mashine ikiwa safi. Sumu iliingia baadaye. Na baada ya Mjomba kuonja, aliyeishika ni nani? Mwenyewe hakuonja hata mfupa! Vyombo akaviosha kabla hatujanawa mikono!"

Afande akanigeukia. "Mzee, ni kweli ulikula?"

Koridoni kulikuwa na watu wengi, wauguzi na wenye wagonjwa wao, na wote walikuwa wananitazama. Nilimjibu, "Nilikula nne, na ningeongezewa nyingine nne ningezimaliza. Tumbo hili, afande, ni chuma cha pua."

Watu walicheka. Mke wa mpwa wangu alikuwa amekaa kwenye benchi na nguo za kubadilisha za mama mkwe wake mapajani. Yeye hakucheka. Aliniangalia kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi. Jioni ile ile akachukuliwa.

Maneno nimeyatia chumvi maisha yangu yote. Hayajawahi kumlaza mtu mahabusu.

Leo tarehe 11, saa nne asubuhi, nilikuja hapa kumletea chai na mkate. Nilipofika kaunta niliona ndala zake zimepangwa chini ya meza, kisigino cha kushoto kimefungwa kwa uzi wa cherehani. Koplo akaniruhusu niongee naye kwenye nondo. Alisema, "Shikamoo Mjomba," kana kwamba nimemkuta kwake anapika. Nikampitishia kikombe cha chai. Akauliza, "Mama ameamka?" Nikasema bado.

Akasema, "Mjomba, wewe ulikula. Nakuomba uwaambie tu kwamba ilikuwa nzuri. Hata wakinifunga, ijulikane sikumpikia mama kitu kibaya."

Nilirudi kaunta nikaomba karatasi.

Siwezi kuwaambia kwamba ilikuwa nzuri. Sijui ladha yake. Mbavu zile sikula hata moja. Ule ubavu wa kuonja niliulamba rojo ya juu tu, nikaufunga kwenye leso. Zile nne za kwenye sahani nilizishusha moja moja mfukoni mwa koti wakati watu wanazungumza, nikala wali. Nilitaka nizichemshe kwangu Jumapili mpaka ziwe uji. Nilipofika karakana niliziweka kwenye friji ya mteja niliyokuwa naijaribu, upande wa barafu, na habari za ugonjwa zilipokuja sikuzigusa tena.

Kwa hiyo yale ya kwamba nyama ilikuwa safi nilipoonja, kwa vile mimi ni mzima, hayana miguu. Mimi ni mzima kwa sababu sikula. Na yeye aliniambia bado, mbele ya mashine, nami nikampuuza. Kama kuna mtu aliyewalisha ndugu zangu nyama isiyoiva, si aliyeipakua, ni aliyetangaza.

Baada ya kuandika hapo nilimwomba koplo dakika chache, nikaenda karakana kwa pikipiki nikazileta. Ni mbavu tano, na hakuna nyingine zilizobaki duniani kutoka siku ile. Ziko mezani kwake sasa ndani ya mfuko. Moja imeshayeyuka barafu, tumeipasua kwa kisu mbele yake. Juu ni ya kahawia, inapendeza kwa macho, lakini karibu na mfupa ni nyekundu na maji yake ni ya damu. Zipimwe. Wakikuta sumu humo, mimi nitavua koti hili nikae mahali pake.

Koplo ameniuliza swali ambalo nilitumaini hataliuliza. Mtu mzima, mwenye njaa, mwonjaji wa ukoo, kwa nini afiche nyama mfukoni?

Ni kwa sababu sina meno. Haya mnayoyaona nikicheka ni ya kuvaa, ya juu na ya chini. Niliyanunua kwa ajili ya sura. Yakikutana na kitu kigumu kuliko mkate uliolowekwa yanatoka. Ni mwaka wa sita sijatafuna nyama, na sufuria zote nilizotangaza miaka hiyo nilizitangaza kwa harufu. Hajui mtu yeyote, hata dada yangu.

Hayo ndiyo maelezo yangu, nimeyasoma tena mwenyewe, na yale ya koridoni nayafuta.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi, na dole gumba pia kwa kusisitiza)

MAELEZO YA AFISA: Shahidi aliandika mwenyewe kuanzia saa nne na nusu hadi saa saba mchana, bila kulazimishwa. Nimepokea mfuko mmoja wenye mbavu tano za ng'ombe, moja imepasuliwa mbele yangu. Umefungwa, umetiwa lakiri na kuhifadhiwa kwenye baridi ili upelekwe kwa mpimaji leo hii. Nimemjulisha mkuu wa kituo kuhusu mshukiwa aliye mahabusu.

Shahidi aliomba aya inayohusu meno yake isisomwe mbele ya ndugu zake. Nilimweleza kwamba bila aya hiyo maelezo mengine hayasimami. Akasema, "Basi isomwe. Lakini mara moja tu."

Koplo wa zamu.