Koki ya Tatu

Jumatatu, 16 Januari

Boila imezima tena. Mara ya nne tangu asubuhi. Inanguruma dakika kumi, maji moto yanapita kwenye mabomba ya chini, sakafu inaanza kupata uvuguvugu, halafu — tik! — kimya, na taa nyekundu. Naizima, naiwasha. Yale yale. Mama Yeonju angeipiga kofi ubavuni na kuiita mvivu, nayo ingewaka.

Binti yangu Yeonju kapiga simu. Atakuja Jumamosi na mtoto wake, tule supu ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Mtoto ana miezi mitano. Nikamwambia nyumba ina joto. Nilisema hivyo huku pumzi yangu ikitoka moshi.

Jumanne, 17 Januari

Nimesafisha chujio la boila, kama kijitabu kinavyoelekeza. Tope jeusi, kijiko kizima. Nikafurahi — mchawi nimemkamata! Ikaenda dakika kumi na mbili. Kisha tik.

Nimekula nimevaa koti. Enzi nikifanya kazi kiwanda cha saruji, Mama Yeonju alikuwa akilifunika bakuli langu la wali kwa blanketi, pale sakafu inapochoma zaidi. Nikichelewa: "Wali ndio umekungoja. Mimi nilishachoka."

Alhamisi, 19 Januari

Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Fundi Pyo kaja. "Babu, humu unafuga barafu?" Kapima gesi, kachungulia bomba la moshi, kasikiliza pampu. Vyote sawa. Kisha akafungua kabati chini ya sinki, zilipo koki za mabomba ya sakafu. Tatu, moja kwa kila chumba. Ya sebule niliifunga kubana matumizi ya gesi. Ya chumba cha Mama Yeonju imefungwa. Imebaki wazi ya chumbani kwangu tu.

"Babu, boila haiumwi. Wewe ndiye unayeikaba koo! Maji yana njia moja tu, yanarudi yangali yanachemka, nayo inajizima isiungue."

Akafungua ya sebule. Akashika ya tatu. Nikasema aiache. Kwa nini? Nikasema, mle yumo — Akaondoa mkono, akafuta vidole polepole. Kasema mbili hazitatosha. Tena maji yaliyosimama mle yakiganda, bomba litapasuka.

Ijumaa, 20 Januari

Dakika ishirini na tano. Tik.

Niandike, labda nitaelewa. Maiti halazwi kwenye sakafu ya moto. Bibi alipofariki, baba alizima kuni zilizopasha joto sakafu ya chumba chake. Basi tarehe kumi na moja Desemba, tukingoja gari la kumchukua Mama Yeonju, nikafunga koki yake. Kwa mkono huu. Yeye aliyelalamikia miguu baridi hata wakati wa kiangazi!

Sijaigusa tangu siku hiyo. Nikiifungua, nimekubali hayumo. Nisipoifungua, nimemwacha kwenye baridi. Nimeyazungusha haya siku nzima. Hayana mlango.

Jumamosi, 21 Januari

Yeonju kafika saa nne, mtoto mgongoni, pua nyekundu. "Baba! Si ulisema kuna joto?" Akagusa sakafu kwa kiganja, kama mama yake. Akasema watalala chumba cha mama. Nikasema hapana, walale kwangu, mimi sebuleni. "Kwani mle kuna nini, baba?" Tik, boila ikazima.

Sasa anasema watarudi na basi la saa nane, mtoto hataiweza baridi hii. Kasema kwa upole. Heri angefoka.

Nipo jikoni, magoti chini, kabati wazi, daftari pajani. Kwenye koki ya tatu kuna kikaratasi kimefungwa kwa uzi. Nilikisahau. Mwandiko wake, wino wa bluu: *Changu. Usiguse!* Alikiandika mwaka ule niliokuwa nikimpunguzia moto kwa siri.

Koki imekaza. Nimeleta koleo. Yeonju anauliza mbona kimya huko. Nimemwambia asimvue mtoto kofia, asubiri kidogo.

Nimeizungusha robo mzunguko. Nimeweka sikio kwenye bomba. Bado sisikii maji.