Tembe za Jumatatu Hadi Ijumaa

Cucu, bibi yetu wa redioni, hodi tena, ni mimi Rwamba wa Kibugu, yule uliyemwambia mwaka jana aende hospitali nikaenda, sasa nimekwama na sina wa kumwambia. Daktari alisema nina endometriosisi, eti nyama kama ile ya ndani ya tumbo la uzazi imemea nje mahali haifai, ndiyo sababu siku zangu zikifika napiga magoti katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, mpaka wenzangu wanadhani naomba, akanipa tembe za homoni nimeze kila siku bila kuruka, lakini alipouliza kama nataka mtoto karibuni mama mkwe alikuwa ameketi hapo hapo, nikaona haya, nikasema tu Mungu akijalia. Cucu, ni miaka minne ya ndoa bila mtoto, na msichana wangu wa kwanza ndiye atapewa jina la mama mkwe, Ruguru, na kwa mila yetu hapo ndipo yeye huhesabiwa amezaliwa upya, sasa alipoona zile tembe akaniambia mbele ya wanawake wa kanisa, “Unanifungia mlango, mimi nitazaliwa lini?” Wakacheka. Basi nikatafuta njia ya katikati, nameza Jumatatu hadi Ijumaa nipate nguvu ya kuchuma, wikendi naacha kwa sababu ndipo bwanangu Ndambiri anakuja kutoka Embu, nipate mimba. Miezi saba sasa. Maumivu yamerudi, damu inatoka ovyo, mimba hakuna, na kliniki naogopa kurudi. Hizi tembe zinakausha tumbo? Nichague gani?

Rwamba

Miezi saba! Ulipotelea wapi, mtoto wewe? Njia ya kliniki imemea nyasi? Nimekasirika mpaka chai imenipoa mkononi. Mimi sikusoma, barua hunisomea Felicitas wa hapa stesheni, na alipofika hapo pa wikendi nikamwambia, “Rudia, umesoma vibaya.” Akarudia. Hakuwa amesoma vibaya.

Wewe ni mchuma chai. Umeona wapi mtu akipogoa kichaka Jumatatu halafu Jumamosi anakuja na kikapu? Tembe hulaza huo ugonjwa. Ukimeza nusu nusu haulali, na mimba nayo umeichanganya. Umejinyima zote mbili, halafu unaita hiyo njia ya katikati!

Nilimuuliza daktari wa wanawake, kwa sababu tumbo la mtu mimi sibahatishi. Anasema tembe kama hizo hazikaushi tumbo. Ukiwa unameza vizuri usitegemee mimba, ukiacha uzazi hurudi vile ulivyokuwa. Lakini hazikuongezei uzazi, na huo ugonjwa wenyewe unaweza kumchelewesha mtoto. Kwa hivyo anayetaka mtoto sasa hutafutiwa njia nyingine, pengine hata upasuaji, na anayetaka kupumzisha mwili kwanza humeza. Hakuna dhambi hapo. Ujinga ni kumficha daktari kitu anachohitaji kujua ndio akutibu!

Na huyo Ndambiri amepimwa? Miaka minne mnakodolea tumbo moja macho, kana kwamba mtoto hutoka kwa mtu mmoja.

Ruguru, najua redio yako haizimwi. Mimi nilikaa miaka sita kabla nipate wa kwanza, na majina niliyoitwa siwezi kuyataja hewani. Hakuna hata moja lililonipa mtoto. Ukitaka kuzaliwa, wacha anayekuzaa apone kwanza. Na hao waliocheka kanisani, kama hawana la kuombea, wakachume chai ya Rwamba siku ameanguka.

Mtoto wangu, usilie. Maumivu hayo si uvivu wala laana, na wewe ni mtu mzima hata kabla ya kuzaa.

Wiki hii rudi kliniki, wala usiache wala usianze dawa kwa shauri la jirani. Wakupime mimba kwanza. Mama mkwe abaki na kuku wake, uingie na Ndambiri, hata kama ni kumvuta na shati. Mwambie daktari: “Nataka mtoto, na nataka kusimama wima. Nianze na gani?” Halafu ukae kwa hicho kiti mpaka ujibiwe.