Moshi Nyuma ya Ndege

S.L.P. 214,
Utemini,
Singida.
19 Septemba 1996

Mpendwa mdogo wangu Melkiori,

Shikamoo yako ya mwaka juzi ilifika, nami naiitikia leo: marahaba. Natumaini u mzima, unakula vizuri, na baridi ya huko Ulaya haikusumbui. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Mama, ambaye leo ametimiza wiki moja kaburini.

Usianze kulia. Soma kwanza mpaka mwisho.

Bila shaka unaikumbuka barua uliyotuelezea kazi yako. Ulisema kila ndege ikipita huacha nyuma yake pepo mbili zinazojiviringisha, na ndege ndogo ikiziingia hupinduka, ndiyo maana mnazipima kwa chombo cha mwanga mjue zinadumu muda gani. Ukaongeza, kwa utani wako ule, kwamba hata Mama angeweza kuzipima kwa moshi. Nilimsomea. Wewe ulitania, yeye alijua ametumwa kazi.

Mama alizaliwa kwa warina asali wa Itigi, hakuna wa kumfundisha moshi. Na tangu makampuni ya watu binafsi yaruhusiwe, ndege ya mizigo ya hao watafuta dhahabu hutua hapa kila Jumanne na Ijumaa. Basi kila ikija, Mama yuko kando ya uwanja na kienge chake cha nyasi kinafuka. Saa hana, kwa hiyo aliimba nyimbo za kanisani na kuhesabu beti mpaka moshi uache kuzunguka. Siku ya upepo hakumaliza hata ubeti mmoja. Siku ya shwari alifika beti nne. Kama ina maana yoyote, wewe ndiye unayejua. Niliandika yote kama alivyonitajia, nikakutumia mara tatu.

Majirani walisema amerukwa na akili. Nami niliona aibu, hata sokoni nilitembea mbele yake kama simjui.

Jibu lako lilikuja Juni, mistari miwili. Kwamba uliwasomea wenzako kazini, wakacheka mpaka chai ikawapalia, na kwamba nisimwendekeze. Hayo pia nilimsomea Mama, neno kwa neno, tukipepeta mtama. Nilifanya makusudi. Nilitaka aone haya, akae nyumbani. Sikuombi unisamehe, maana huna cha kunisamehea.

Hakuona haya. Alipepeta ungo mzima, kisha akasema, "Labda nilisimama mbali. Waambie nitasogea."

Akasogea. Ijumaa ya mwisho ya Agosti alipita ua wa miiba, akasimama karibu kabisa na njia ya ndege, mahali ambapo mlinzi Damiani hamwoni. Kulikuwa shwari, hata jani halikutikisika. Ndege ikapaa, ikaenda zake, na Damiani anasema alikwisha kurudi kukaa kwenye kiti chake. Ndipo ule upepo wako ukashuka kutoka ubavuni, ndege yenyewe iko mbali, ukakiwasha kienge na kukitia kwenye kanga yake. Damiani alipofika alimkuta bado anahesabu.

Alilala wodini siku kumi na moja. Shuka likimgusa tu alilia, na wewe hujawahi kumsikia Mama akilia, kwa hiyo hujui ninachokuambia.

Mjomba Mughwai alitaka mazishi yakusubiri. Nilikataa mimi. Kumzika Baba tulikusubiri siku tatu, na wote waliokuwapo wanaikumbuka harufu ile. Kwa hiyo usikate tiketi kwa ajili yetu.

Mjomba anakusalimu. Binti yangu Belinda anakusalimu pia, ingawa hakujui. Shangazi Sara hakusalimu. Mungu akutunze huko uliko, mimi nimechoka kumkumbusha.

Neno la mwisho. Usiku wa kuamkia kufa kwake Mama alinishika mkono na kuniagiza: "Mwandikie ni malaria. Akijua, hataiweza tena kazi yake." Akataka niape. Nikaapa, akalala. Nilipokuwa naapa nilijua kabisa kwamba nitakuandikia barua hii.

Nakupenda bado, ingawa sikupenda iwe hivyo,

Dada yako,
Rahel